Mjumbe wa kijiji kwenye mazungumzo ya tabianchi: maswali yenu

Wasomaji wetu wa Uganda wametuuliza kuhusu wanajamii wanaotumwa kwenye COP, mkutano wa kila mwaka wa nchi wanachama wa Mkataba wa Tabianchi wa 1992.

Wakulima wenzangu wa kahawa wamenichagua nikawasemee COP. Najiandikisha wapi? (Bududa)

Mtu hajiandikishi mwenyewe. Ama serikali ikuweke kwenye ujumbe wake, na hapo unaanzia Idara ya Mabadiliko ya Tabianchi katika Wizara ya Maji na Mazingira. Ama shirika lenye hadhi ya mwangalizi, yaani lililoruhusiwa kuhudhuria bila kuwa upande wa nchi yoyote, likupendekeze. Shirika kama hilo hupata nafasi chache, na majina hupelekwa miezi kadhaa kabla. Ukibisha hodi mwezi mmoja kabla, umechelewa. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, maana beji huchukuliwa kwa kuionyesha pasipoti hiyo.

Nani analipa? (Mbale)

Upo mfuko wa kusaidia wajumbe wa serikali za nchi zinazoendelea. Mwangalizi hujitafutia. Kama mmechanga hela za safari moja tu, sisi tungechagua kikao cha Juni kule Bonn, Ujerumani: rasimu nyingi za maamuzi ya COP hupikwa kule, watu ni wachache, na mjumbe wa serikali unampata hata kwenye foleni ya chai. Viza ya Schengen, ya kukuingiza Ujerumani, huombwa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na inadai bima ya matibabu ya angalau yuro 30,000.

Nitapewa nafasi ya kuzungumza? (Kapchorwa)

Mwangalizi huzungumza kupitia moja ya makundi tisa, kama vile wakulima, wanawake, vijana au watu wa asili. Kundi kwa kawaida hupewa dakika mbili, nchi zikishamaliza na mwenyekiti akiruhusu. Andaa maneno 200, yasizidi.

Lakini hotuba peke yake haibadilishi rasimu. Maamuzi hupitishwa kwa maafikiano, bila kura, na wenye kalamu ni nchi. Sentensi yako inahitaji nchi ya kuibeba. Uganda husimama pamoja na Kundi la Afrika, kundi la nchi zenye maendeleo duni, na G77 na China (umoja wa nchi zinazoendelea), kwa hiyo neno likishapita kwa mjumbe wetu lina njia ndefu ya kusafiri. Mpe karatasi moja tu: namba ya aya, maneno ya kuondoa, maneno ya kuweka, na sababu kwa mistari mitatu. "Watu wetu wanateseka" ni kweli tupu, ila hana pa kuyaweka. "Fedha ziifikie jamii moja kwa moja" anaweza kuyachomeka kwenye aya saa hiyo hiyo.

Kiingereza kinanipiga chenga. Kuna mkalimani wa Kiswahili? (Arua)

Hakuna. Lugha rasmi ni sita na Kiswahili hakimo. Tena vyumba vidogo huendeshwa kwa Kiingereza. Nenda na mwenzako wa kukunong'onezea, na ujue alama mbili. Maneno yaliyo ndani ya mabano ya mraba bado yanabishaniwa. Na "shall" ni lazima, "should" ni ushauri: tarehe 12 Desemba 2015, Paris, neno "shall" katika ibara ya 4 lilichelewesha Mkataba wa Paris mzima hadi likabadilishwa kuwa "should".

Mto Nyamwamba ulisomba nyumba zetu. COP itatulipa? (Kasese)

Si moja kwa moja, na inauma kuliandika hilo. Mfuko wa hasara na uharibifu, wa kusaidia nchi zinazoendelea zilizoumizwa na mabadiliko ya tabianchi, ulikubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022. Awamu yake ya kwanza ni dola milioni 250, kwa miradi ya dola milioni 5 hadi 20, na maombi hupitia serikali. Kijiji hakifiki hapo, ndiyo maana dirisha la ruzuku ndogo kwa jamii ni la kupigania kwa nguvu zote. Ninyi wekeni ushahidi tope likiwa bado bichi: tarehe, kaya ngapi, ekari ngapi, picha, na sahihi ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji.

Mjumbe akirudi tumdai nini? (Moroto)

Namba ya aya aliyoishughulikia, maneno yalivyokuwa alipofika na yalivyo sasa, na nchi zilizopinga. Aeleze ndani ya wiki mbili, mkutanoni, kwa lugha yenu. Aya ikiwa bado ina mabano, mwulizeni itarudi mezani kikao kipi, na nani ataifuata.