Mrithi kwanza, mauzo baadaye: maneno kwa wageni wa idara ya usajili

Dirisha la usajili wa wachezaji likikaribia kufungwa, akili za watu wa usajili hufungwa kabla yake. Nimewatazama msimu huu, wadogo zangu, mkirudia yaleyale tuliyoyafanya sisi tulipokuwa wageni. Kiungo kaumia Jumamosi. Jumatatu mna majina matano. Jumanne wakala anawaambia kuna klabu nyingine inamnyemelea, Jumatano mnamwomba mkurugenzi aongeze dau. Na huyo mnayemwongezea dau hamjawahi kumtazama dakika tisini nzima. Mmemwona kwenye klipu zenye muziki.

Nawapenda, ndiyo maana nawafokea. Tatizo mnadhani kazi yetu ni kununua. Kununua ni zile siku chache za mwisho. Kazi yenyewe ni kujua, msimu mmoja au miwili kabla, nani ataondoka na nani atakaa mahali pake. Asiyejua hilo ndiye anayelipa bei ya hofu, na mawakala wanainusa hofu hata kwenye simu.

1. Mrithi kwanza, mauzo baadaye.

Wasomeni Brentford, klabu ya London. Mwaka 2017 walimchukua Ollie Watkins kutoka Exeter City ya daraja la nne. Wakamtumia pembeni kwanza, huku katikati akicheza Neal Maupay. Maupay alipouzwa Brighton mwaka 2019, hawakwenda sokoni kutafuta namba tisa, yaani mshambuliaji wa kati, kwa pupa. Walimsogeza Watkins katikati, na akafunga mabao 25 ya ligi msimu huo. Septemba 2020 Aston Villa wakaja na takriban pauni milioni 28 wakamchukua. Mashabiki wakashika vichwa. Lakini Ivan Toney alikuwa ameshasaini siku kadhaa kabla, kutoka Peterborough, kwa sehemu ndogo tu ya fedha hizo. Toney akafunga mabao 31 ya ligi, na timu ikarudi ligi kuu kwa mara ya kwanza tangu iliposhuka 1947.

Watu wanausifu ule ununuzi wa Toney. Mimi nausifu mpangilio wa tarehe. Aliingia kabla Watkins hajatoka. Aliyekwisha kuuza mshambuliaji kwa fedha nyingi kisha akaenda sokoni, kila klabu inajua ana fedha na inajua ana shida, na bei inapanda kabla hajabisha hodi.

Kwa hiyo kila nafasi uwanjani iwe na karatasi yake: anayecheza leo, atakayecheza kesho, na jina la mtu mnayemfuatilia ambaye hata yeye hajui. Mkiniletea jina nitauliza huyu anamrithi nani na huyo anaondoka lini. Mkishikwa na kigugumizi, rudini na faili lenu.

2. Dau hulipwa mara moja na kusahaulika, mshahara hulipwa kila mwezi na kukumbukwa na chumba kizima cha kubadilishia nguo, kwa hiyo anzeni hesabu na mshahara.

3. Msimu wa kwanza ni shahidi mbaya.

Jamie Vardy alikwenda Leicester City mwaka 2012 kutoka Fleetwood Town, timu ambayo ndiyo kwanza ilikuwa imetoka daraja la tano, kwa dau la pauni milioni moja. Msimu wa kwanza akafunga mabao manne ya ligi. Manne! Mashabiki walimsema, na yeye mwenyewe alianza kujitilia shaka kama kiwango kile kinamfaa. Klabu ikamshikilia. Msimu wa 2015/16 alifunga 24 kwenye ligi kuu na Leicester wakawa mabingwa, pembeni yake yupo Riyad Mahrez aliyetoka Le Havre kwa fedha ambayo klabu kubwa hulipa wakala tu, na nyuma yake N'Golo Kanté kutoka Caen.

Sasa niambieni, kwa zile fomu zenu za tathmini ya miezi sita zenye rangi nyekundu, njano na kijani, Vardy angemaliza msimu?

Ila msinigeuzie maneno. Juzi mmoja wenu alinitetea beki wa kati asiyeweza kugeuka, eti tumpe muda. Muda wa kufanya nini? Kusimama mahali sahihi hufundishika. Kuangalia bega kabla ya kupokea mpira hufundishika, tena haraka. Kasi ya hatua tano za kwanza, kwa mtu wa miaka ishirini na saba, hiyo mnamsubiri bure. Kabla ya kuandika "anahitaji muda" kwenye ripoti, andikeni anahitaji muda wa kujifunza kitu gani, na nani kwenye benchi la ufundi atamfundisha.

4. Kijana wa nyumbani akiwa tayari, ondokeni njiani.

Hapa nitarefusha, mnivumilie, maana hili ni langu.

Tulikuwa na mshambuliaji wa akademi. Miaka kumi na tisa, mguu wa kushoto, mbio za kawaida, lakini alikuwa na ile tabia ya kutokea nguzo ya mbali kabla beki hajajua krosi inaangukia wapi. Kocha wa vijana alikuwa ananisisitiza: mpeni dakika ishirini ishirini msimu huu, msimu ujao mna mtu. Nikaitikia. Kisha tukaanza kufungwa mfululizo, jukwaa likazomea, na mimi nikataka nionekane ninafanya kazi.

Nikaleta jina. Mshambuliaji wa miaka ishirini na tisa, anajulikana, amecheza mashindano makubwa, mkataba wake umekwisha na hana dau. "Bure," niliandika kwenye ripoti, nikalipigia mstari. Mabao yake ya msimu uliopita niliyaweka juu kabisa kwa herufi nene na sikuyachambua. Zaidi ya nusu yalikuwa penalti, na kwetu penalti zilikuwa na mwenyewe. Mchambuzi wetu wa data, dada mmoja mpole, alinionyesha grafu ya mbio zake za kasi, zinashuka msimu hadi msimu. Nikamjibu kwamba takwimu hazifungi mabao. Wiki iliyopita nimesikia mmoja wenu akimjibu mtu hivyohivyo kwenye korido, na tumbo likanikata.

Wakala akataka miaka minne. Tukampa. Akataka fedha nono ya kusaini kwa hoja kwamba dau hatulipi. Tukampa. Mshahara ukapita wa nahodha, nao mshahara kwenye timu hauna siri, ukisainiwa usiku unajulikana asubuhi kwenye meza ya chai. Kabla mwezi haujaisha nahodha alikuwa mlangoni kwangu, amesimama, kiti hakitaki, anauliza mkataba wake unaangaliwa lini. Nyuma yake akaja kipa, nyuma ya kipa akaja wakala wa beki wa kushoto. Nikajikuta naongeza mishahara ya watu ambao mwezi uliopita walikuwa wametulia. Huyo wa bure, ukimjumlisha na nyongeza alizozalisha, alitugharimu winga mmoja na beki wa kulia ambao hatukuwahi kuwanunua.

Na uwanjani hakuwa mbovu, hapo ndipo tulipoponzeka. Angekuwa mbovu angekaa benchi mapema na kila mtu angeona. Alitosha kuanza, hakutosha kutupa ushindi. Kila Jumamosi yule kijana yuko benchi, zipu ya koti imefika kidevuni. Dakika ya sabini na kitu kocha anageuka, anamtazama, anatazama jukwaa, anatazama matokeo, anakaa. Mwanzoni kijana alikuwa akiambiwa apashe misuli anaruka kama anaingia fainali. Kufika mwisho wa msimu alikuwa anatembea tu kando ya mstari, mikono mfukoni, anapiga soga na mwokota mipira.

Mkataba wake ukaingia miezi sita ya mwisho, na kanuni mnaijua, hapo mchezaji anaruhusiwa kusaini mkataba wa awali na klabu nyingine. Ofa tuliyompa ilikuwa ya aibu kwa sababu bajeti ilikuwa imeshaliwa, na mnajua ilikuwa tumboni mwa nani. Akaondoka. Tukapata fidia ya mafunzo ambayo yule mkongwe aliimaliza kwa mishahara ya wiki chache. Walikomchukua walimpa zile dakika ishirini ishirini. Msimu uliofuata alikuwa anaanza. Kocha wa vijana alinitumia klipu ya bao lake la kwanza kule, nguzo ya mbali, hakuongeza hata neno moja.

Yule mkongwe? Hakuna klabu iliyotaka kugusa ule mshahara. Tulimlipa aondoke.

Tangu hapo huwa nawatazama sana Athletic Bilbao, klabu ya eneo la Basque, kaskazini mwa Hispania. Wao wamejifunga wenyewe kuchezesha wachezaji wa asili ya Kibasque au waliolelewa kisoka huko, na hawajawahi kushuka daraja. Chelsea walipolipa euro milioni 80 kumchukua kipa wao Kepa mwaka 2018, nusu ya klabu za dunia zingeingia sokoni siku hiyohiyo na begi la fedha. Wao walimpa nafasi Unai Simón, mtoto wa akademi yao, ambaye mwaka 2024 alikuwa golini Hispania ikitwaa ubingwa wa Ulaya. Sisemi sote tunaweza kuwa Athletic. Nasema sera yao imewanyima njia ya mkato, na wengi wetu tunaharibiwa na njia ya mkato.

Sisi tulinusurika kwa sababu tulikosea kwa mchezaji mmoja. Leeds United walikosea kwa kikosi kizima: walikopa wakitegemea mapato ya Ligi ya Mabingwa, mwaka 2001 wakafika nusu fainali, kisha wakakosa kufuzu, wachezaji wakauzwa mmoja baada ya mwingine, na mwaka 2004 wakashuka daraja. Mkisikia bajeti imepangwa kwa fedha za mashindano ambayo timu haijafuzu, inueni mkono kikaoni hata kama mnatetemeka.

5. Mkopo ni shule, chagueni mwalimu.

Kumtoa kijana kwa mkopo ili "apate uzoefu" ni kumtelekeza kwa adabu. Ulizeni kocha wa kule anachezaje, nani anacheza nafasi hiyo sasa, na kama kocha mwenyewe atakuwepo Krismasi. Brighton walipomnunua Kaoru Mitoma kutoka Kawasaki Frontale mwaka 2021, walimpeleka Union Saint-Gilloise ya Ubelgiji msimu mzima. Alirudi akiwa ameshazoea ubavu wa mabeki wa Ulaya. Moisés Caicedo naye walimpitisha Beerschot, hukohuko Ubelgiji, kabla ya kumrudisha. Mwaka 2023 Chelsea walilipa pauni milioni 100 za kuanzia kwa mtu ambaye Brighton walimpata kwa chini ya milioni tano. Na mwezi huohuo wa mauzo, Brighton wakamsajili Carlos Baleba kutoka Lille.

6. Kocha naye ni usajili.

Thomas Frank alifungwa mechi nane kati ya kumi za kwanza akiwa kocha mkuu wa Brentford, mwaka 2018. Kwenye klabu nyingi kibarua kingekuwa kimeota nyasi kabla ya mechi ya saba, na kocha mpya angekuja na orodha yake ya wachezaji, nanyi mngeanza upya na karatasi zenu zote. Uongozi ulitazama jinsi timu inavyocheza, ukamwacha. Ndiye aliyewapandisha. Kikosi cha subira hakijengeki chini ya makocha watatu wenye mifumo mitatu kwa msimu mmoja, hivyo mkiwa mnapendekeza mchezaji, pendekezeni anayefaa mfumo wa klabu. Aliye kipenzi cha kocha wa leo tu atabaki mikononi mwenu kesho.

7. Madogo madogo, ambayo nimechoka kuyarudia.

Kalenda ya mikataba ibandikwe ukutani, na mchezaji asiingie miaka miwili ya mwisho kabla hamjaamua kama mnamwongeza au mnamuuza. Mkimuuza kijana, dai asilimia ya mauzo yajayo hata kama dau litapungua kidogo. Tunzeni hati za usajili za akademi, kwa sababu mchezaji wenu wa zamani akiuzwa nje ya nchi akiwa ndani ya mkataba, asilimia tano ya dau hugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23, na FIFA haitakubali simulizi badala ya karatasi. Kiraka anayecheza nafasi tatu kwa wastani ni wa thamani kuliko nyota wa pili wa nafasi moja. Mtazameni mchezaji akiwa ugenini, kwenye mvua, timu yake imefungwa mbili. Zungumzeni na mtunza vifaa wa klabu yake, huyo ndiye anayejua nani huokota jezi yake na nani huitupa chini.

Na zile ripoti mlizoniletea Ijumaa nimezirudisha. Mmeandika winga alimpita beki mara tisa, hamkuandika beki alikuwa nani. Kama alikuwa kiungo aliyepangwa pembeni kwa dharura, hizo tisa nazihesabu kuwa mbili. Nataka jina la beki, nafasi yake ya kawaida na dakika alizocheza, kabla ya kikao cha Jumanne.