Ushuru ni sifuri, mbona lori linakwama Calais?

Swali ni kwa nini nyama ya Uingereza inakaguliwa Ufaransa ilhali mkataba wa biashara kati ya Uingereza na Umoja wa Ulaya umefuta ushuru. Mkataba umefuta ushuru, haukufuta mpaka. Tangu 1 Januari 2021 Uingereza iko nje ya soko la pamoja la Umoja wa Ulaya, na hiyo sifuri yenyewe ni ya bidhaa zenye asili inayothibitishwa tu, yaani zilizotoka Uingereza au Umoja wa Ulaya kweli.

Mfumo wa Ufaransa unaunganisha namba ya tamko la forodha na namba ya gari kabla lori halijavuka. Dereva hutoa karatasi yenye msimbopau pale Dover, bandari ya upande wa Uingereza, inasomwa, kisha akiwa njiani mfumo unaamua: kijani aende zake, rangi ya machungwa aingie kwenye ukaguzi. Tamko lisipoandaliwa mapema, hapandi feri.

Nyama ina safari yake ndefu zaidi: cheti cha afya kilichosainiwa na daktari wa mifugo, taarifa kwenye TRACES (mfumo wa mtandaoni wa Umoja wa Ulaya wa vyeti vya wanyama na vyakula) kabla mzigo haujafika, na kituo maalumu cha ukaguzi. Na hapa ndipo watu hulia. Namba ya sili (lakiri ya kufungia mlango) kwenye cheti isipolingana na ile iliyo mlangoni mwa lori, mzigo unazuiwa hata kama nyama ni safi kabisa. Kwenye lori la mzigo mchanganyiko, kosa la mteja mmoja linawasimamisha wote.

Paleti za mbao nazo ziwe na muhuri wa HT, yaani mbao zimepashwa joto kuua wadudu (nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30).