Kidole gumba kinaniuma nikikamua tui

SWALI: Nina miaka 58, nauza vitumbua hapa Ngamiani, Tanga. Shina la kidole gumba linaniuma nikikamua tui au nikifungua chupa. Kuna mazoezi?

JIBU: Pole, mama. Kwa umri wako, maumivu ya hapo mara nyingi ni gegedu la kiungo, yaani tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, kulika. Mazoezi hayalirudishi, ila yanaimarisha misuli inayokishikilia kiungo.

Loweka mkono kwenye maji ya uvuguvugu dakika 5. Kisha upinde kama umeshika glasi, uwe na umbo la herufi C. Shikilia sekunde 5, legeza, mara 10. Hapa ndipo wengi hukosea: kiungo cha katikati ya gumba kinabonyea kwa ndani, mzigo wote unarudi shinani. Kikibonyea, punguza nguvu.

Halafu laza kiganja mezani, sukuma kidole cha shahada kuelekea gumba huku mkono wa pili ukikizuia. Sekunde 5, mara 10.

Mpira wa kufinya uache, unakandamiza palepale panapouma. Tui lifunge kwenye kitambaa, ukamue kwa viganja viwili badala ya ncha za vidole. Kiungo kikivimba na kupata moto, nenda Hospitali ya Bombo wakuone.