Kliya kwenye modeli za magari: maswali yenu ya msimu wa baridi

Fundi, nilipuliza kliya (vanishi angavu ya kumalizia) kwenye modeli yangu ya matatu ya plastiki asubuhi, na paa lote likaota ukungu mweupe. Nimeiharibu? (Ngong)

La, pole. Ni unyevu tu. Thina, yaani kiyeyushi cha rangi, inapokauka haraka hupoza uso wa modeli, na mvuke wa hewani unanaswa ndani ya kliya. Asubuhi ya Julai hapa Nairobi, na manyunyu yake, ndiyo saa mbaya kabisa ya kupuliza. Ngoja siku ya jua, kati ya saa sita na saa tisa mchana, upige mkono (tabaka) mmoja mwembamba wa kliya ileile. Mara nyingi thina yake hulainisha tabaka la chini na ukungu ukaondoka.

Kliya ya magari pale Kirinyaga Road ni bei rahisi kuliko kopo la kliya ya modeli. Niinunue? (Umoja)

Inategemea iko juu ya nini. Thina ya magari ni kali: hula plastiki tupu, na ikikuta rangi ya mafuta huikunja vibaya. Jaribu kwanza kwenye fremu ile inayobaki ukishakata vipande, ukiwa umeipaka rangi ileile ya gari.

Lakini ile ya kuchanganya na hadna (kigumisho) ni habari nyingine. Inang'aa na ni ngumu kweli, nakubali, ila hadna yake ina isosianeti, kemikali inayoweza kukuachia pumu ya kudumu. Barakoa ya hospitali haizuii chochote hapo. Kama unaishi bedsitter, na watoto wa jirani wanacheza koridoni, achana nayo. Mpelekee fundi wa magari mwenye chumba cha kupulizia na vifaa vyake.

Stika za maji, zile za kuloweka kabla ya kubandika, zinaonyesha rangi ya fedha chini yake. (Rongai)

Hewa imenaswa kwenye rangi isiyong'aa, kwa sababu uso wake una vinundu. Kliya kwanza, stika, kisha kliya tena. Mikono ya kwanza juu ya stika iwe miembamba kama vumbi tu, ukiilowesha stika inajikunja.

Rimu za kromu nazo nizipige kliya? (Kayole)

Usizipige. Zitafifia ziwe kijivu.

Kliya yangu ina vinundu kama ganda la chungwa. (Buruburu)

Ulipuliza kutoka mbali mno, au kliya ilikuwa nzito, ikakauka kabla ya kutandaa. Inuse modeli: ikiwa bado inanuka thina, usiiguse. Harufu ikiisha, piga msasa wa maji namba 2000, halafu 3000, kisha kompaundi, dawa ya kusugulia hadi ing'ae. Elekeza ubavu wa gari dirishani. Mistari ya grili ya dirisha ikionekana kwenye kliya, kama kwenye kioo, imenyooka bila kutetemeka, umemaliza. Kona za paa na kingo za milango zibandike tepu kabla ya msasa, maana hapo ndipo rangi hutoboka kwanza.