Kompyuta ya mezani kwa pesa ya bumu

Bumu, yaani pesa ya mkopo wa wanafunzi, likishatoka tu, wadogo zangu wa chuo huanza kunipigia: "Kaka, nina laki nne, niunge kompyuta gani?" Nawajibu usiunge. Ukinunua madabodi (bodi kuu), prosesa (ubongo wa kompyuta), kesi na pawa saplai mpya, kimoja kimoja, pesa itakata hujafika kwenye skrini. Tafuta mashine nzima ya mtumba iliyotumika ofisini, kama Dell OptiPlex, HP EliteDesk au Lenovo ThinkCentre, kisha pesa inayobaki ndiyo uichagulie vipuri. Mimi niko Tanga, na mashine kama hizo ndizo nilizotumia nikisoma.

Unapochagua, anza na kile ambacho hutaweza kukibadilisha baadaye. RAM (kumbukumbu ya muda) utaongeza ukipata, diski utabadilisha. Kizazi cha prosesa kimefungwa na madabodi, hicho utakaa nacho. Kwa hiyo usidanganyike na stika ya "i5", soma namba inayofuata. i5-4570 ni ya kizazi cha 4, ina kori (viini vya kazi) 4 na inatumia RAM ya DDR3. i5-8500 ni ya kizazi cha 8, ina kori 6 na DDR4. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa prosesa za Intel, Windows 11 inakubalika rasmi kuanzia kizazi cha 8, ukiacha chache sana za kabla yake. Muuzaji anaweza kukuonyesha Windows 11 inawaka vizuri kwenye kizazi cha 4. Itawaka kweli, imepenyezwa, ila usije kulalamika masasisho yakigoma. Kama pesa haifiki, chukua kizazi cha 6 uweke Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows; kwa kuandika ripoti na kujifunza kuandika programu inatosha kabisa. Wa AutoCAD, programu ya michoro ya uhandisi, yeye avumilie adunduize, afike kizazi cha 8.

Umbo nalo ni la kudumu. Kuna mnara, kuna nyembamba ya kulaza, na kuna kadogo kanakoshikika kwa mkono mmoja. Haka kadogo kanatumia RAM ya laptopu na chaja ya nje kama ya laptopu, kanafaa geto lenye nafasi finyu, lakini kadi ya picha (GPU) ya kawaida usahau. Nyembamba inapokea kadi fupi tu. Tena pawa saplai za Dell na HP za ofisini mara nyingi zina plagi zao wenyewe, ikiungua huendi dukani ukaokota yoyote. Mimi napenda mnara, ingawa unakula meza.

Kwenye diski usibane. Toa ile ya kuzunguka, weka SSD, hata ya GB 240. Hakuna kipuri kingine kitakachokupa tofauti kubwa hivyo kwa pesa ndogo hivyo. RAM GB 8 ndiyo ya kuanzia, na ikiwezekana ziwe mbili za 4 kuliko moja ya 8, maana mbili hufanya kazi sambamba kwa kasi zaidi, na sehemu ya picha iliyo ndani ya prosesa inakopa RAM humo humo. Kadi ya picha ije mwisho, tena isiyozidi wati 75, inayokula umeme kwenye sloti yenyewe. Ukiona kadi ya GT 1030, hakikisha ni yenye kumbukumbu ya GDDR5. Ile ya DDR4 ina jina lile lile na kasi ndogo sana.

Sasa chumvi. Mashine iliyokaa miaka karibu na bahari, tuseme Raskazone au Sahare, inaweza kung'aa nje na ndani imeoza. Kabla ya kulipa, omba ifunguliwe. Angalia kutu kwenye skrubu na matundu ya nyuma, angalia kapasita, vile vimkebe vidogo vya kwenye madabodi, kama zimevimba vichwa. Kisha iwashe ubonyeze F2 kwa Dell, F10 kwa HP au F1 kwa Lenovo, uingie BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine. Ikidai nenosiri ambalo muuzaji halijui, mwachie mashine yake. Nenda pia na flashi yenye Linux, uiwashe kutoka humo, uone mwenyewe RAM na prosesa badala ya kuamini karatasi iliyobandikwa.

Kwa umeme wetu huu wa waja leo waondoka leo, tenga pesa ya UPS (betri ya akiba) ndogo. Haitakupa saa nzima, itakupa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima kwa adabu. Na wale mnaochangia LUKU, msigombane bure: mashine na skrini vikila wati 80 kwa saa 5 kila siku, ni uniti 12 kwa mwezi.

Ukiagiza Dar, ikashushwa stendi ya Kange, usiikimbilie soketi. Ifungue kwanza, kandamiza RAM zikae sawasawa, tikisa kidogo kipoza joto cha prosesa uone kama basi halijakilegeza. Halafu geuza nyuma. Baadhi ya pawa saplai za zamani zina swichi ndogo nyekundu ya volti 115 na 230, na mashine iliyotoka Marekani yaweza kuja ikiwa kwenye 115. Isukume hadi 230, ndio umeme wetu, ndipo uchomeke.