Hadithi nane, michoro saba: hizo hesabu mi sizielewi

Mhariri salaam, na wasomaji wenzangu salaam.

Wiki hii mmeuliza, toleo jipya la komiki likitoka unalipima kwanza kwa hadithi au kwa michoro, na kitu gani kinakufanya usiguse toleo linalofuata. Najua wengi mtajibu hadithi maana ndo jibu la mtu anayetaka aonekane ana akili, na vijana watasema michoro, na mdogo wangu hapa nyumbani ye anatoa mpaka alama, hadithi nane juu ya kumi, michoro saba, kama mwalimu anasahihisha insha. Nikimuuliza hiyo saba umeitoa wapi ananiambia "dada we huelewi". Kweli sielewi. Kwenye komiki mchoro ndo unaosimulia na maneno yanadandia humo humo, sasa ukishavichambua huku hadithi huku michoro umepima nini?

Angalieni Marvel, ile kampuni ya komiki ya Marekani, miaka ya 60. Stan Lee, mwandishi na mhariri wao, alikuwa na vitabu vingi mno kwa mwezi, kwa hiyo utaratibu wao ukawa anampa mchoraji kisa kwa ufupi, mara nyingine ni maongezi tu ya ofisini, mchoraji anaenda kuchora kurasa zote, anaamua mwenyewe kipi kianze na kipi kichukue ukurasa mzima, afu Lee anakuja mwishoni kujaza maneno. Mchoraji wao Jack Kirby alikuwa anaandika mpaka vidokezo pembeni mwa ukurasa kueleza nini kinaendelea. Sasa kwenye Fantastic Four namba 48, ile ya Machi 1966, Kirby kaleta kurasa zake, Lee anaangalia anakuta kuna jamaa wa fedha tupu kapanda ubao ule wa kutelezea mawimbini, anakatiza angani, na hawakuwahi kumuongelea hata siku moja! Kirby hoja yake ilikuwa kwamba huyu Galactus anayekula sayari, mkubwa kiasi hicho, lazima awe na mtu wa kumtangulia. Ndo Silver Surfer huyo, mpaka leo anajulikana dunia nzima. Haya niambieni, huyo alama zake unaziweka safu ipi? Aliyemtoa kichwani ni mchoraji, kwa penseli, halafu kwenye kitabu mwandishi anasomeka Stan Lee.

Kwa hiyo mimi nikipata toleo jipya kwanza nalipitia bila kusoma neno hata moja. Komiki nyingi za Marekani siku hizi ni kurasa 20 hivi za hadithi ukitoa matangazo, ni kazi ya dakika chache. Naangalia nani yuko wapi, nani kakasirika, mlango uko upande gani, bastola ilikuwa mkono upi. Nikifika mwisho nikaweza kukusimulia kilichotokea, hata kwa kubahatisha majina, huyo mchoraji anajua kazi. Nikishindwa, hata angechora misuli mizuri kiasi gani na kila unywele ukaonekana, kwangu kafeli. Ndo maana neno "michoro mikali" linanichosha kwa sababu wanaolisema mara nyingi wanaongelea picha moja moja, ile ya kukata na kubandika ukutani, wakati komiki haiishi kwenye picha moja.

Mfano mdogo tu wa kitu ambacho watu hawakitazami. Sisi tunasoma kutoka kushoto kwenda kulia, kwa hiyo anayeongea kwanza ni vizuri awe kushoto, puto lake, yaani kile kiduara cha maneno, litangulie na litokee juu kidogo. Mchoraji asiyefikiria hilo anamweka muulizaji kulia na mjibuji kushoto, sasa anayepanga maputo anabaki anahangaika, mkia wa puto unakatiza katikati ya uso wa mtu, we msomaji unasoma jibu kabla ya swali, unarudi nyuma, unasoma tena. Utasema mwandishi kaandika vibaya wakati mwandishi hana kosa. Au boksi la kwanza, yaani picha moja ndani ya ukurasa, polisi kasimama upande wa dirisha na mwizi upande wa mlango, boksi la pili wamebadilishana na hakuna aliyetembea. Vitu hivi vikirudiarudia kichwa kinachoka bila kujua kimechokeshwa na nini, unafunga kitabu unasema "hadithi haijanishika".

Na huo ugonjwa una historia bana. Mwaka 1991 X-Men namba 1 ya Marvel, mwandishi Chris Claremont na mchoraji Jim Lee, iliuza nakala zaidi ya milioni 8, majalada matano tofauti, watu wananunua yote. Mwaka uliofuata Jim Lee na wachoraji wenzake sita wakajitoa wakaanzisha kampuni yao, Image. Jim Lee mwenyewe anajua sana sibishani na mtu, ila waliomuiga walichukua ile mistari mingi na meno yaliyokenuliwa kwa hasira wakaacha mpangilio, unakuta toleo zima watu wanapiga kelele kwenye sehemu isiyo na sakafu wala ukuta, na miguu imefichwa kwenye moshi.

Baada ya hapo ndo nasoma maneno, na hapa ndo namkamata mwandishi. Kama mchoro unaonyesha mtu anafungua friji haina kitu, halafu juu pameandikwa "nilifungua friji, haikuwa na kitu", basi mmoja wao kalipwa bure. Mwandishi mzuri naye hapo angenipa kitu kingine, labda jamaa anaongea na mama yake kwenye simu anamwambia mambo safi kabisa mama usiwe na wasiwasi. Umeona? Friji inasema lake na mdomo unasema lake, we katikati ndo unaipata hadithi. Alan Moore, mwandishi wa komiki wa Uingereza, pamoja na kupenda kwake maneno, alishawahi kueleza kwamba alifuata kanuni ya Mort Weisinger, mhariri wa zamani wa Superman: ukiwa na maboksi sita kwenye ukurasa, maneno yasizidi 35 kwa boksi. Piga hesabu, 210 ukurasa mzima. Leo nafungua toleo jipya nakuta puto moja limebeba hotuba. Na mazungumzo nayasoma kwa sauti, nikiona aibu kuyatamka najua hakuna binadamu anayeongea hivyo.

Kwenye hili la mdomo mi nawasifu Shujaaz, komiki ya Kenya iliyoanza 2010, waliandika Sheng jinsi inavyotoka mtaani na sio Kiswahili cha kutangazia habari, wahusika wao Boyie anaongea kama Boyie na Maria Kim kama Maria Kim. Hata ukimkata kichwa kwenye boksi unajua nani kasema. Huo ni uandishi, sio lazima kisa kiwe na vitendawili saba.

Sasa mkitaka niwape toleo moja ambalo linaua kabisa hii mada ya hadithi au michoro, ni Hawkeye namba 11 ya 2013, ya Marvel. Mwandishi Matt Fraction, mchoraji David Aja, rangi Matt Hollingsworth. Toleo zima tunaliona kama mbwa anavyoliona, mbwa wa jicho moja anayependa pizza, kuna mauaji kwenye jengo wanaloishi na ye ndo anachunguza kwa pua. Wanavyofanya ni hivi: mbwa akimnusa mtu, unaona sura ya yule mtu halafu vimistari vinatoka kwenda kwenye vialama vidogo vidogo, kikombe cha kahawa, damu, mbwa mwingine, yaani ndo anavyomjua. Na watu wakiongea, puto limejaa michirizi isiyosomeka, katikati yanatokea maneno machache tu ambayo mbwa angeyaelewa, jina lake, amri anazozijua. Mabosi wake wawili wanagombana kwelikweli na we unausikia ule ugomvi kama yeye, neno hapa neno pale, unajua tu hapa nyumba inavunjika na hujui kwa nini. Ilichukua Eisner, tuzo kubwa ya komiki Marekani, ya toleo bora la mwaka, 2014. Sasa muulize mdogo wangu, ile michirizi kwenye puto ni hadithi au michoro? Anaanza kusema "aah ile ni tofauti". Sio tofauti, pale wamekuonyesha wazi kitu ambacho kila komiki nzuri inakifanya kimyakimya.

Halafu jamani rangi! Hakuna anayemtaja mpaka rangi. Ile Batman ya Alan Moore na Brian Bolland, The Killing Joke, ilitoka 1988 ikiwa na rangi za John Higgins, zambarau na kijani na machungwa yanayowaka kama taa za disko. Mwaka 2008 Bolland mwenyewe akaipaka upya kwa toleo la miaka 20, rangi zikapoa, na zile sehemu za kumbukumbu, kabla Joker, yule adui wa Batman, hajawa Joker, zikawa kijivu tupu isipokuwa vitu vichache vyekundu. Mistari karibu ni ile ile, maneno ni yale yale. Ukisoma ya kwanza uko ndani ya kichwa cha kichaa, ukisoma ya pili uko kwenye mvua na huzuni. Mi naipenda ya kwanza, najua wengi watanipinga, ile ya pili ni nzuri ila imestaarabika mno kwa kisa kama kile. Nachosema ni kwamba kama rangi peke yake inaweza kukubadilishia kitabu, utaipa alama kwenye safu ipi kati ya zile mbili?

Kwetu huku kuna jambo lingine, mchoraji kubadilika. Waliokua na Sani, lile gazeti la katuni la Tanzania, wananielewa. Wahusika wake Ndumilakuwili, Lodilofa, Pimbi, Madenge, hawa wamepita kwenye mikono ya wachoraji zaidi ya mmoja, Philip Ndunguru ndo jina kubwa pale mpaka alipofariki 1986, na wengine wakaendeleza. Msomaji hakuwa anasoma jina la mchoraji pembeni, alikuwa anamtambua Lodilofa kwa umbo, kwa alivyosimama. Hicho ni kipimo kizuri kuliko vyote nikiona mchoraji mpya kaingia kwenye kitabu ninachokifuata, je namtambua mtu kwa mgongo wake? Marekani wanasumbuka sana na hili, toleo la nne mchoraji kachelewa analetwa wa kuziba pengo, mhusika aliyekuwa na miaka 40 anarudi ana 20. Hawkeye hao hao walikuwa na akili, Annie Wu alichora zile za Kate, mmoja wa wale mabosi wawili wa mbwa, akiwa Los Angeles na Aja akabaki na za New York, kwa hiyo kubadilika kwa mkono kukawa na maana. Ila kuchelewa walichelewa, matoleo 22 yalianza 2012 yakaisha 2015, na kuna watu waliozishushia alama zile za mwisho kwa hasira ya kusubiri tu. Sio haki sana. Ila na kumwambia mtu aliyelipa avumilie nayo sio haki, toleo moja ni dola 3.99 au zaidi, kwa hela yetu kama shilingi elfu kumi hivi, kwa kitu unachokimaliza kabla chai haijapoa.

Na wanaosoma kwenye simu, mimi nikiwemo, zimeni ile njia ya kuonyesha boksi moja moja kabla hamjatoa hukumu. Mchoraji kapanga ukurasa mzima, kaweka boksi kubwa hapa ili hivi vidogo vya chini vikubane, simu inakupa yote kwa ukubwa mmoja afu unasema mpangilio hauna maajabu. Geuza simu, au angalau tazama ukurasa mzima kwanza hata kama maneno hayasomeki.

Swali lenu la pili. Kinachonifanya nisiguse namba mbili ni namba moja inayonipa historia ya ufalme kurasa nne za mwanzo, maandishi meupe juu ya weusi, kabla sijamuona hata mtu mmoja anafanya kitu. Namba moja haitakiwi kumaliza chochote, nipe mtu mmoja anayetaka kitu na kizuizi kimoja, kurasa 20 zinatosha. Cha pili ni ukurasa wa mwisho wa uongo, anakufa mtu pale na wote tunajua mwezi ujao yupo. "Itaendelea" naikubali, tumekulia humo, ila iwe inaendelea kweli. Na cha tatu ni jalada. Wanamlipa fundi mkubwa achore jalada, ndani yuko mtu mwingine kabisa, jina la fundi liko mbele na la wa ndani ulitafute. Sasa hivi sampuli za kurasa za mwanzo zinawekwa bure mtandaoni kabla toleo halijatoka, nazipitia hizo na jalada silitazami mpaka nimeshaamua.