Mwaka wa Ulaya Kwenye Shahada ya Sheria: Lugha Peke Yake Haitoshi

Msomaji aliye mwaka wa pili wa sheria Uingereza, anayejiandaa kwenda Ufaransa mwakani, ameuliza: Kifaransa anakimudu, je, kimebaki nini? Ndugu yangu, kimebaki kilicho kigumu zaidi, yaani namna ya kujibu mtihani.

Kwa Wafaransa, mpangilio wa insha ni sehemu ya hoja yenyewe. Insha ina sehemu kuu mbili, I na II, na kila moja ina A na B. Utangulizi hulijenga swali la kisheria, kisha hufunga kwa kutangaza mpangilio huo. Aliyezoea kupitia kesi moja baada ya nyingine na kutoa msimamo wake mwishoni anaweza kujua sheria yote na bado akaanguka. Alama hutolewa juu ya 20, kufaulu ni 10, na 14 ni ya kujivunia. Usiililie.

Anza mazoezi kabla hujaondoka. Tafuta hukumu kumi za Cour de cassation, mahakama ya juu ya Ufaransa kwa kesi za madai na jinai, hasa za kabla ya Oktoba 2019, ilipoanza kuandika kwa urefu zaidi. Kila moja ichambue hivi: matukio, mwenendo wa kesi, hoja za pande zote, swali la sheria, jibu la mahakama. Uchambuzi huu utadaiwa kwako karibu kila wiki kwenye semina. Halafu andika insha za saa tatu kwa mkono, saa ikiwa mezani.

Anayekwenda Ujerumani ana kazi nyingine. Huko jibu huanza na dhana: huenda muuzaji anamdai mnunuzi bei kwa kifungu cha 433(2) cha BGB, yaani sheria kuu ya madai ya Ujerumani. Yanafuata masharti ya kifungu, maana ya kila sharti, kuyapima na matukio, ndipo hitimisho. Ukitanguliza hitimisho penye ubishi, unapoteza alama. Kipimo ni 0 hadi 18. Kufaulu ni 4, na 9 inaheshimika sana. Italia masomo mengi hutahiniwa kwa mdomo, 18 juu ya 30 ikiwa ya kufaulu, kwa hiyo jizoeze kusema sheria kwa sauti.

Mkataba wa masomo, yaani orodha ya masomo unayokubaliana na vyuo vyote viwili, kwa mwaka mzima huwa wa pointi 60 za ECTS, mfumo wa Ulaya wa kupima uzito wa masomo. Ratiba zikigongana, badilisha somo wiki za mwanzo na upate kibali cha vyuo vyote viwili kwa maandishi. Ahadi ya mdomo ya mratibu haihesabiwi matokeo yanapogeuzwa kuwa alama za chuo chako. Sheria ya ardhi na ya amana (trusts) za Kiingereza zisome nyumbani, maana huko hutazipata.

Kuhusu viza: tangu 1 Januari 2021, pasipoti ya Uingereza inaruhusu kukaa bila viza katika nchi za Schengen, zikiwemo Ufaransa, Ujerumani na Italia, siku 90 tu katika kila siku 180. Ujerumani inakubali Mwingereza aombe kibali akishafika. Ufaransa inataka viza ya muda mrefu kabla ya safari, nayo lazima ithibitishwe mtandaoni ndani ya miezi mitatu ya kuingia. Barua ya chuo mara nyingi huchelewa, basi ushahidi wa fedha na wa makazi uwe tayari kabla haijafika.